Kidole Hakitaondoa Kipanya

Yako maneno ambayo husemwa kwa utulivu mkubwa hata msikiaji akasahau kuyadai ushahidi. Miongoni mwao ni haya niliyoyasikia mwaka huu katika kikao kimoja cha chuo, yakitoka kinywani mwa mtu mwenye elimu na cheo: kwamba zama za kompyuta ya mezani zimekwisha, kwamba watu wote, wakubwa kwa wadogo, watahamia katika vioo vya kugusa, na kwamba kwa sababu hiyo chumba chetu cha kompyuta, chenye meza ishirini na nne, hakina haja ya kununuliwa mashine mpya, bali kila mwanafunzi ajitafutie simu au kishikwambi. Shauri lilipita kwa kura. Mimi niliinua mkono kulipinga, na mikono mingine miwili ikainuka pamoja nami. Kushindwa kwa kura si kushindwa kwa hoja, nami kwa kuwa siku ile sikupata nafasi ya kutosha, naomba ruhusa ya wasomaji wa jarida hili niyaseme hapa yaliyonibaki moyoni.

Sina ugomvi na kioo cha kugusa. Ninacho mfukoni kama alivyo nacho kila mtu. Kwacho nasoma habari, natuma fedha, nasikiliza taarabu nikiwa safarini. Ugomvi wangu ni juu ya mtu mwenye kazi ya kuketi: mhariri, mtunga kamusi, mhasibu, mchora ramani, mwanafunzi mwenye tasnifu ya kurasa mia mbili. Je, huyu naye atakiacha kipanya na kibodi, afanye kazi yake yote kwa ncha ya kidole? Twaambiwa ndiyo, na sababu tupewayo ni kwamba mguso ni mpya na kipanya ni cha kale, na kipya siku zote hukiondoa cha kale.

Sababu hii haina msingi hata katika tarehe. Mwaka 1965, Mwingereza E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, alichapisha maelezo ya kioo kinachoitikia mguso wa kidole, akikusudia kiwafae waongozaji wa ndege. Kipanya cha kwanza, kisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini yake, kilitengenezwa mwaka 1964 katika maabara ya Douglas Engelbart huko California, na yeye alikionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Basi hawa wawili ni marika. Mwaka 1983 kampuni ya Hewlett-Packard iliuza kompyuta ya mezani, HP-150, iliyokuwa na kioo cha kugusa. Watu wakaigusa, wakachoka, wakarudi katika kibodi. Miaka ishirini na minne baadaye, yaani mwaka 2007, ikaja iPhone na mguso ukashinda. Ulishinda wapi? Katika kitu kinachokaa kiganjani, karibu na jicho, kisicho na nafasi ya kuwekewa kipanya wala meza ya kukiwekea. Hapo mguso ulikuta nyumba yake. Wasemao kwamba ushindi huo ni dalili ya ushindi wa kila mahali wanafanana na mtu aliyeona mtumbwi ukipita vizuri katika mkondo mwembamba, akashauri meli za mizigo zivunjwe.

Wala hatuna haja ya kubahatisha juu ya mambo yajayo, kwa kuwa jaribio lenyewe limekwisha kufanywa mbele ya macho ya ulimwengu, na waliolifanya walikuwa na nguvu kuliko wote. Tarehe 26 Oktoba 2012 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 8. Kitufe cha Start, ambacho tangu Windows 95 kilikaa katika pembe ya chini ya kioo, kikajulikana na makarani wa dunia nzima kama mtu ajuavyo kizingiti cha nyumba yake, kiliondolewa. Mahali pa orodha ya programu pakawekwa ukurasa mzima wa vigae vya rangi, vikubwa vya kutosha kidole, ambavyo vilifunika kila kitu kila ulipotaka kufungua programu mpya. Mtu aliyeketi mbele ya kioo kisichoguswa, na wakati ule ndivyo vilivyokuwa vioo vya maofisi mengi, alilazimika kukipeleka kipanya pembeni kabisa, akingojea mlango uliofichwa ujitokeze, ili afanye kwa kipanya mambo yaliyokusudiwa kidole. Hata kuizima mashine kukawa ni jambo la kuulizana.

Msomaji atazame hali ilivyokuwa. Sehemu kubwa kabisa ya kompyuta za mezani duniani zilitumia Windows. Mtengenezaji hakuuliza, aliamuru. Kama watu huhamishwa kwa amri, hawa walikuwa na kila sababu ya kuhama. Wakafanya nini? Maofisi mengi yalibaki na Windows 7 kana kwamba hapana kilichotokea. Wengine walitafuta viprogramu vya kuirudisha orodha yao ya zamani. Mwezi Julai 2013 kampuni hiyohiyo iliandika hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya vishikwambi vyake vya Surface RT vilivyokosa wanunuzi. Tarehe 17 Oktoba 2013 ikatoka Windows 8.1, nacho kitufe kikarudi pembeni mwake kama mtoto aliyefukuzwa nyumbani akaitwa tena. Na mtumiaji akaruhusiwa kuanzia katika uso wa meza aliouzoea. Ilipofika tarehe 29 Julai 2015, katika Windows 10, orodha yenyewe ilirudishwa. Kidole hakikukatazwa, kiliachiwa mahali pake, lakini meza ilirudishiwa wenyewe.

Huenda mtu akasema hayo ni makosa ya kampuni moja yenye kiburi. Basi tuwatazame wengine, ambao kwao nina mapenzi zaidi. Mfumo wa Ubuntu umepewa jina kwa neno la Kizulu na Kixhosa ambalo ni ndugu wa damu wa utu wetu. Shina ni lile lile, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huweza kulitambua. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitamani kiolesura kimoja kitakachokaa katika simu, katika kishikwambi na katika kompyuta ya mezani bila kubadilika asili yake. Mwaka 2011 kiolesura kiitwacho Unity kikawekwa mbele ya kila mtumiaji wa Ubuntu mezani. Mwezi Julai 2013 umma uliombwa dola milioni 32 ili itengenezwe simu, Ubuntu Edge, ambayo ikiunganishwa na kioo kikubwa ingegeuka kuwa kompyuta kamili. Ahadi zilizopatikana zilizidi kidogo milioni 12, na simu haikutengenezwa. Tarehe 5 Aprili 2017 Shuttleworth alitangaza kwamba shauri zima linaachwa, akakiri waziwazi kuwa alikosea. Namheshimu kwa kukiri huko. Laiti wenye vyeo wengine wangeiga.

Na sasa nitataja jambo ambalo wenzangu wa kikao hawakulitaja. Kampuni ya Apple, ambayo ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kugusa, ilitoa iPad mwaka 2010 kama chombo cha vidole. Miaka kumi baadaye, mwezi Machi 2020, ilikipa chombo hicho uwezo kamili wa kutumia kipanya na bamba la kupapasia, kisha ikauza kibodi yenye bamba hilo ndani yake. Maelfu walioinunua walikiegemeza kishikwambi chao katika kibodi, wakaketi mezani. Basi nani aliyemhamia mwenziwe?

Sababu ya mambo haya iko katika mwili wa binadamu, na mwili haubadiliki kwa toleo jipya la programu. Keti mbele ya kioo kilichosimama wima, unyooshe mkono wako na ukiguse kwa muda wa robo saa. Bega litakujibu kabla yangu. Mwezi Oktoba 2010 Steve Jobs mwenyewe alieleza kwamba kampuni yake ilikwisha kujaribu, ikaona kuwa kioo kilichosimama hakifai kuguswa, kwa sababu baada ya muda mkono huchoka kabisa. Wachunguzi wa mambo haya wameyapa maradhi hayo jina la mkono wa sokwe. Kipanya hakiudhi bega kwa sababu mkono umelala mezani, na mwendo wa sentimita chache juu ya meza huvuka upana wote wa kioo.

Baada ya bega, kidole. Ncha ya kidole cha mtu mzima ina upana wa karibu sentimita moja. Wenye kutunga miongozo ya kazi hii hukijua kipimo hicho, ndiyo maana Google huwaagiza watengenezaji wa programu za simu kwamba kitufe cha kuguswa kisiwe chini ya milimita 9 hivi. Nayo herufi ndogo katika ukurasa uliopigwa chapa ya kawaida ina upana wa milimita mbili. Kidole kimoja, basi, hufunika herufi nne au tano kwa pamoja, na kibaya zaidi ni kwamba hukificha kile kile kinachotaka kukigusa. Mshale wa kipanya huonyesha nukta moja na kuiacha ionekane.

Kwa Mwingereza huenda hilo likawa usumbufu mdogo tu, maana maneno yake mengi ni mafupi, na akitaka kubadili nafsi hufuta neno moja akaandika jingine. Sisi nafsi, wakati, urejeshi na mtendwa vyote vimo ndani ya neno moja. Chukua neno waliokwishatuandikia. Lina herufi ishirini. Mwandishi amekosea, alikusudia waliokwishakuandikia. Tofauti yake ni herufi moja iliyo katikati ya neno. Mezani nitaupeleka mshale hapo, nifute t, niweke k, niendelee. Katika simu nitagonga, neno zima litashikwa. Nitagonga tena, mshale utaangukia baina ya s na h. Nitaukokota kwa kidole ambacho kimenifunika nisione niendako. Na nikifanikiwa kuiandika k, ule mtambo wa kusahihisha tahajia utaniletea neno la Kiingereza nisilolitaka. Hili ni kosa moja. Katika tasnifu ya kurasa mia mbili, ambayo mwandishi wake ameamua kulihamisha jina moja kutoka ngeli moja hadi nyingine, makosa ya upatanisho hufika mamia. Nimewahi kuyahesabu katika kazi moja nikaacha baada ya mia tatu.

Kiswahili chenyewe, tukikisikiliza, kimekwisha kutoa hukumu yake juu ya jambo hili. Tuna kugusa, tuna kushika, tuna kubonyeza, tuna kupapasa, tuna kudonoa, na hakuna mzungumzaji anayeyachanganya. Mtu huigusa pasi ili ajue kama imepata moto. Kisha hushika mpini akapiga nguo. Kalamu hushikwa. Jembe hushikwa, na usukani vilevile. Kugusa ni tendo la kujua na la kuchagua, na kushika ni tendo la kufanya. Sidai kwamba msamiati ni sayansi ya viungo vya mwili. Nadai tu kwamba waliotuachia lugha hii walikuwa na mikono.

Mfano bora wa mgawanyo huo ulifanyika hapa hapa nchini. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania, iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022, makarani walitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Lilikuwa jambo la busara. Karani husimama mlangoni, mtoto analia, mbwa anabweka, mwenye nyumba anataka kwenda shambani. Swali lasomwa, jibu laguswa, wakaondoka. Hakuna kipanya kingeweza kazi ile. Watu 61,741,120 wakahesabiwa. Walakini takwimu zile zilipokwisha kukusanywa hazikuchambuliwa mlangoni. Majedwali, ramani na ripoti ni kazi ya watu waliokaa, wenye vioo vikubwa na vibodi mbele yao, wakilinganisha safu na safu. Baadaye serikali iligawa vishikwambi vile kwa walimu, na mwenzangu wa kikao alikitumia kitendo hicho kama ushahidi wake. Mwalimu aliyepata chombo cha kusomea amepata neema. Amemaliza haja ya chombo cha kutungia? Hilo halikuulizwa.

Nitawatendea haki wapinzani wangu. Wachoraji wengi wamehamia kwenye kioo, na wameridhika. Lakini tazama, wao hutumia kalamu, chombo cha kushikwa chenye ncha nyembamba. Wapo pia wasemao kwamba hivi karibuni tutaiamuru mashine kwa sauti. Hao wajaribu kuhariri shairi kwa sauti katika chumba chenye watu ishirini na wanne. Hoja yao yenye uzito ni ile ya vijana: kwamba mimi niliyejifunza kwa kipanya nakitetea kwa mazoea, na kwamba waliozaliwa mikononi mwa kioo hawatakihitaji.

Hoja hii niliichukua kwa unyenyekevu, kwa maana mtu wa umri wangu yafaa ajishuku. Lakini vijana wenyewe ndio wanaoikana. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea sura ya kwanza ya tasnifu yake, kazi yenye fikira nzuri juu ya majina ya vyombo vya uvuvi. Aya zilikuwa fupi mno, mistari mitatu, minne. Mifano ilikuwa imetenganishwa na maelezo yake kwa kurasa mbili tatu. Hapakuwa na jedwali hata moja, ingawa maneno yenyewe yalililia jedwali. Nilidhani ni uzembe, na nasema kwa aibu kwamba nilimwambia hivyo. Akanyamaza. Nilipomwuliza baadaye, akasema ameiandika sura yote kwa simu, usiku, kitandani, kwa kuwa chumba cha kompyuta hufungwa jioni na kompyuta mpakato hana. Aya zilikuwa na ukubwa wa kile alichoweza kukiona. Nilimpa mashine yangu ya ofisini kwa wiki mbili. Sura aliyonirudishia ilikuwa na majedwali manne na hoja moja ambayo mimi sikuwahi kuifikiria. Huyu amezaliwa na kioo mkononi. Kilichomkosa ni meza.

Hapa ndipo jambo hili linaponitia uchungu, na wasomaji wanisamehe nikipaza sauti. Wale wanaotutengenezea vioo vya kugusa hawafanyi kazi yao kwa kugusa. Programu za iPhone aghalabu hutungwa katika Xcode, nayo hukaa katika kompyuta ya Mac. Za Android hutungwa katika Android Studio, nayo hukaa katika kompyuta ya mezani au mpakato. Mwaka 2021 Apple iliwezesha programu ndogo kutungwa hata ndani ya iPad. Watunzi wa kazi kubwa hawakuondoka mezani pao. Basi anayeambiwa ahame ni nani? Ni mwanafunzi wa chuo kisicho na fedha. Kwake yeye kioo cha kugusa husifiwa kuwa ni maendeleo, kwa sababu ni cha bei nafuu, na kwa sababu mtu mwenye kioo kitupu hutazama, huchagua, hujibu kwa maneno mawili na kununua. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, walikuwa wakisema kwamba Mswahili naye ana haki ya kuketi katika meza ile na kuandika kwa lugha yake. Ilikuwa kazi ngumu. Kila istilahi iligombewa. Sikuipenda kila istilahi yao. Lakini hawakudhani hata siku moja kwamba meza yenyewe ingekuja kuondolewa na watu wetu wenyewe, kwa kura, katika kikao kilichoandikiwa muhtasari kwa kibodi.

Naam, kwa kibodi. Katibu wetu aliuandika akiwa ameketi, kipanya kiko kulia kwake, na aliyetoa hoja alimwomba mara mbili arudi nyuma asahihishe neno.

Kikao kijacho ni mwezi ujao, na shauri la mashine litarudi kwa sababu ya hesabu za fedha. Nimekwisha kuandika barua ya kuomba dakika kumi. Nitakwenda na kishikwambi kimoja, chenye chaji ya kutosha, ndani yake ikiwa sura moja ya kurasa thelathini ambayo jina lake moja kuu limehamishwa kutoka ngeli ya LI-YA hadi ya KI-VI. Nitampa mwenzangu mwenye hoja, kwa heshima zote zimstahilizo, nimwombe aisahihishe mbele yetu. Nitampa na dakika zangu kumi.